Meka ya Unga

Redio ya jirani ilisema "urari",
Mama Chola akauliza ukutani:
"Urari ni ugonjwa gani tena?"
Mimi karani wa fomu za forodha,
mpangaji wa chumba cha nyuma, Katuba,
nikatoka na kalamu sikioni nikamwambia:
ni vile vinavyotoka, ukitoa vile vinavyoingia.
"Basi kaa hapa," akasema, "niandikie."

Nikaandika.
Kutoka: shaba, bamba juu ya bamba, imefungwa mikanda ya chuma,
malori yakishuka Kasumbalesa kabla hakujapambazuka,
taa moja moja, kama watu wanaotoka msibani.
Kuingia: unga. Sukari. Mayai ya trei. Sabuni ya mche.
Na waya wa umeme, mwekundu, umeviringwa vizuri,
ambao Mama Chola aliugusa dukani akasema,
"Huyu namjua. Aliondoka hapa hajaoga.
Leo kapendeza, hata bei yake haisalimii mtu."

Wiki ile mpaka ukafungwa.

Kule walisema tunachota mahindi yao usiku kwa baiskeli,
magunia mawili, taa imezimwa.
Huku tulisema unga wao una sumu,
unga uleule wa bukari ya Jumapili
tulioulamba mpaka ukoko.
Kule: dereva wao hutoa pesa vizuizi saba
kabla hajaliona jiji.
Huku: mizani yao ina mkono mrefu,
huongeza tani pale isipokuwepo.
Kila neno lilikuwa na ukweli wake mdogo,
na kile kidogo ndicho kilichofura.

Wakubwa wakakutana hotelini, katikati ya mji.
Picha niliiona gazetini: meno, tai, bendera mbili za mezani,
na chupa za maji za aina mbili,
kila ujumbe umebeba zake kutoka kwao.
Hakuna aliyemmiminia mwenzake.

Barabarani malori yalisimama yakitazamana,
la shaba limeelekea kusini, la unga limeelekea kaskazini,
katikati yao kizuizi, bomba jembamba
ambalo mtoto angeliinua kwa bega.
Madereva walipika maharage sufuria moja.
Chumvi ya huyu, kuni za yule.
Hilo sikuliandika, fomu haina safu yake.

Usiku Mama Chola akampigia dada yake, Kitwe.
"Mbona mmetufungia?" akauliza.
"Sisi? Si ninyi mmetufungia?"
"Ninyi akina nani?"
Kasuba akanyamaza. Mama Chola akanyamaza.
Vocha ikaendelea kuliwa.
Baba yao mmoja, amezikwa ng'ambo ile,
mama yao yuko huku, Gécamines wamejenga hadi karibu na kaburi lake.

Asubuhi nikaenda kununua unga.
Meka yake ni kopo kuukuu, limebonyea ubavuni,
mtaa mzima tunalijua bonde lile tumelisamehe,
kwa sababu juu alikuwa anaacha kilima,
kilima cheupe kinachomomonyoka pembeni,
ndicho cha watoto, alikuwa akisema.
Siku ile alipitisha kiganja. Shwa.
Unga ukalala sawa na ukingo.
Bei haikupanda hata faranga moja.
Kilima ndicho kilichoshuka.

Nyuma yake, juu ya mabati,
kilionekana kile kilima kingine, cheusi,
makapi ya tanuru, ya babu zetu na mabwana zao.
Shaba yake iko kwenye kuta za nchi nisizozijua.
Hicho hakuna aliyewahi kukipitishia kiganja.

Siku ya tisa mpaka ukafunguliwa.
Hawakutuambia nani alikubali nini.
Lori la kwanza la unga likaingia likipiga honi,
watu wakapiga makofi, kisha wakaona aibu.

Nikatoa kopo langu. Mama Chola akachota,
unga ukajaa, ukapanda, ukafanya kichwa,
na kiganja kikaja, kikakipitia.
"Mama Chola," nikasema, "mpaka umefunguliwa."
Akautazama mkono wake kwa muda.
"Mimi najua," akasema. "Huu bado haujaambiwa."