Matonge Matatu

"Kwa umri huu," alisema Daktari Chilumba,
"hatuhesabu siku. Tunahesabu mavi."
Nikacheka peke yangu.

Kiberenge amesimama zizini, Mpwapwa,
tumbo limefungwa kwa shuka langu la kulalia,
chini yake mshono wa shibiri mbili.
Humo walitoa kamba ya nailoni na rambo nne.
Rambo zilipigwa marufuku kitambo;
utumbo wake haukupata taarifa.

Miaka ishirini na miwili.
Madumu manne kila safari, kisimani hadi mlangoni,
na meno yamelika kiasi kwamba
hakuna mnunuzi anayejisumbua kumfunua mdomo.

Siku ya kwanza alisimama, nikampigia Nyemo simu:
amepona.
Sikujua kusimama ni kazi ya miguu tu.
Siku ya pili hakula.
Ya tatu mshono ukatoa maji yenye harufu,
nikawa mfukuza nzi.
Daktari akainua kichupa cha damu dirishani:
juu ya wekundu, ukungu mweupe,
kama maji ya kusuuzia kibuyu cha maziwa.
"Punda asiyekula huanza kujila mwenyewe," akasema.
"Mafuta yake yamehamia damuni."

Nilimpa pumba. Nilimpa uji wa uwele kwa kiganja.
Nilimtukana kwa Kigogo, nikamwomba radhi kwa Kigogo.
Shemeji Ndahani akapiga: ngozi bado ina bei,
akifa na madawa mwilini utauza nini?
Nikamwambia mtandao unasumbua.

Usiku ule daktari, sikio ubavuni,
akisikiliza tumbo lisilojibu,
aliuliza: "Nyumbani anaishi na nani?"
Na mimi.
"Simaanishi wewe."

Basi Tairi akaletwa juu ya kenta ya alizeti,
miguu imefungwa, vumbi hadi kwenye kope.
Hawakusalimiana, si kwa namna ya watu.
Alisimama tu kando yake, bega kwa bega,
kama walivyosimama mbele ya mkokoteni miaka yote,
akaanza kutafuna majani makavu ya karanga.
Kiberenge akaisikiliza ile sauti
muda mrefu.
Akavuta jani moja.

Alfajiri ya tano: matonge matatu,
magumu, yenye utando.
Nilikwenda kumgongea daktari mlango
nimeshika moja kiganjani
kama yai la kuazima.

Sasa anasema ngiri yaweza kuchomoza pale waliposhona.
Hatavuta tena; labda kwa miezi,
labda hiyo miezi yenyewe hatunayo.
Nyemo anauliza maji atachota nani.
Najipapasa mabega.

Tairi ameegemeza kidevu mgongoni mwa mwenzake,
pale shuka langu linapoishia,
na hakuna kati yao
anayehangaika kunitazama.