Kete Tatu

Tulikwenda nyuma ya kisima cha mwisho, jua halijapanda,
mimi na kalibu, mdeki, pembe ya baruti,
baba na gobori begani kama mtu aliyebeba mgonjwa.
Siyu ilikuwa bado inapiga mswaki.
Shabaha yetu gogo la mkoma; nimelichora duara la chokaa,
upana wa sinia.

Baba alikuwa kiziwi. Miaka thelathini
ya kujaribu bunduki za watu
ilimla masikio yote mawili,
akabaki na macho, na pua, na bega.
Kila mlio aliniuliza, "Imenenani?"
nami nikamjibu kwa vidole juu ya kifundo cha mkono wake:
kimoja, imekohoa;
viwili, imesema;
vitatu, imepiga kelele.

Mwenye bunduki, Bwana Mbwarahaji wa Faza,
alikuwa na shamba la mtama bara, na nguruwe,
na maneno mengi.
Alitaka risasi mpya, ile ndefu yenye ncha,
aliyoiona kwa mgeni mmoja forodhani Amu.
"Tufe ni la babu zetu. Mimi nataka pia."
Baba akasoma midomo yake, akacheka:
"Wataka pia, au wataka na hiyo pia?"

Basi tukayeyusha chubwi tano za jarife la mjomba Lali,
mjomba mwenyewe yuko Ndau.
Risasi ikang'aa chunguni kama jicho la samaki.
Nikamimina, nikahesabu hadi kumi na moja, nikafungua:
pia, bado ya moto, ina kovu ubavuni
pale nusu mbili za kalibu zilipokutana.
Nikalifuta kovu kwa tupa.
Nikaipaka nta na shahamu ya kondoo
katika pete tatu za kiuno chake,
mpaka ikanuka jiko la Idi.

Ndani ya mtutu mifuo inajisokota kama ukambaa.
Kipimo chetu kete moja ya pwani, mgongo umekatwa.

Kete mbili. Nikashindilia mpaka mdeki ukaruka mkononi.
Fataki. Moshi mweupe, harufu ya yai viza.
Kidole kimoja.
Pia ilipiga chini ya duara, tena kwa ubavu,
imeingia gogoni kama mtu apitaye mlango mwembamba.
"Haikuzunguka," baba alisema.
"Pia isiyozunguka ni jiwe."

Nikasugua mtutu kwa tambara na maji ya moto,
masizi yakanitoka hadi kwenye viwiko.

Kete tatu. Vidole viwili.
Tundu moja, ukingoni mwa chokaa.
Tena: tundu, jirani yake.
Tena, na safari hii tukadhani imekosa,
hadi nikatia kidole nikakuta
risasi mbili zimelala chumba kimoja.

Bwana Mbwarahaji hakuridhika.
"Tia tano. Nguruwe hajui hesabu."
Baba hakubishana. Alilifunga gobori juu ya gogo la pili,
akafunga kamba ya katani kwenye kifyatulio,
akatuswaga sote nyuma ya ukuta wa kisima,
akavuta.

Kunguru waliihama Siyu nzima.
Mwenye bunduki alichutama, viganja masikioni.
Baba amesimama wima, amenyoosha mkono kwangu, anangoja.
Vitatu. Vinne. Vitano.
Nikaishiwa vidole, nikamshika tu.

Duara lilibaki na matundu yake ya asubuhi.
Pia ile ilikwenda inakokujua yenyewe.

Nikaandika ukutani kwa mkaa:
Gobori la Faza. Pia. Kete tatu.
Bwana Mbwarahaji akasoma, akalipa, akashukuru,
na pale uchochoroni nikamsikia akimuuliza mtoto wa jirani
kete kubwa kuliko hizi huokotwa wapi.
Baba akaniuliza, "Anenani?"
Nikamgonga kidole kimoja.

Alasiri nikalichimba gogo kwa patasi.
Zilikuwa zimechanua kama uyoga,
moja imembeba mwenzake mgongoni.
Nikazirudisha chunguni, nikazihesabu, nikazihesabu tena.
Nne.
Na mjomba Lali alirudi Ijumaa.