Vipimo vya Nyumba, Katoyi

Katika daftari la wateja, nyuma ya Mama Nzigire
(kifua mia na nne, mkono mfupi, asitaniwe kuhusu kiuno),
nimefungua ukurasa wa nyumba.
Nimeipima kwa utepe wangu wa kushonea,
ule unaokoma kwenye mia na hamsini,
kwa hiyo ukuta wa mbele ni tepe nne,
kiganja kimoja, na kidole cha kati.

Katikati nimepiga mstari wa chaki.
Kushoto: MIMI. Kulia: FUNDI.

Rangi: mimi. Hilo halina mjadala.
Aliyepinda suruali ya mwalimu Bahame
usiku wa kuamkia mazishi, kwa mwanga wa simu,
hashindwi na brashi.
Mianya ya mbao, pale vumbi jeusi la mlima
linapoingia bila hodi: mimi.
Nitapasua makopo ya maziwa, niyanyooshe, niyapigilie.
Kiraka ni kiraka,
kiwe cha goti au cha ukuta.

Umeme: fundi.
Nimeuona waya wa jirani ukitema cheche
juu ya bati lililolowa.
Waya haujui mjane, haumjui mjuaji.
Hapo niliacha chaki, nikaandika kwa wino.

Paa.
Hapa nilikaa.
Niliandika MIMI, nikafuta, nikaandika FUNDI,
nikapiga hesabu: mabati kumi na mawili,
misumari kilo tatu, mikono ya Kasereka siku mbili,
chai ya Kasereka, sukari ya chai ya Kasereka
(mtu huyu hunywa sukari yenye chai),
nikafuta tena hadi karatasi ikatoboka.
Mwishowe: fundi juu, mimi chini,
nikimpa misumari mmoja mmoja,
nikiihesabu.

Jumamosi akaja na pima maji yake.
Akapita chumba hadi chumba akisema eeh, eeh,
kama daktari asiyetaka kukutisha.
Sebuleni akasimama.

Pale katikati, jiwe limeinua mgongo.
Moto wa elfu mbili na mbili ulipita hapa,
ukachoka, ukalala, ukapoa;
nasi tukajenga juu yake
kwa sababu kiwanja kilikuwa chetu
na jiwe halikuwa na pa kwenda.

"Hili," akasema, "nyundo kubwa, siku mbili.
Dola themanini. Unapata sebule kama ya watu."

Nikarudi kwenye daftari.
Chaki ikasimama juu ya mstari.
Nyundo ninayo. Mikono ninayo:
mawe yote ya ua niliyavunja mimi,
mimba ya Kanyere ikiwa na miezi sita.
Ila Kanyere huyo alijifunza kusimama
akiwa ameushika mgongo huu.
Hapa baba yake aliketi kuvua viatu,
na weusi wa dawa ya kiatu ungalipo
ubavuni, upande wa mlango.
Mimi mwenyewe hupandisha hapa mguu mmoja
nikikata kitenge kirefu.
Na asubuhi za baridi...
sisemi jiwe lina joto, Kasereka atanicheka.
Nasema tu paka hulala hapo.

Nikapiga mstari wa pili.
Safu ya tatu haina jina.
Ndani yake: jiwe.
Na chini yake, usiku, sijui kwa nini:
mlango wa jikoni unaolia.

Jumatatu nitashuka Birere kutafuta rangi,
bluu ikipatikana, ikikosekana basi kijani.
Sakafu ataimwaga fundi, simenti ilizunguke jiwe
kama shingo ya gauni.
Nimemchorea kwa chaki mahali pa kukata,
nikamwambia aache nafasi kidogo,
isibane.

"Miaka kumi na tisa najenga," akasema,
"sijawahi kushona sakafu."

Nikammiminia chai.
Vijiko vinne.