Daftari la Ukingoni

Jumatatu. Kutoka ukingo wa shimo hadi ukuta wa kale:
hatua arubaini na moja.
Nimepima kwa miguu, kisha kwa futikamba,
maana mguu unaotaka habari njema hufupisha hatua.

Hapa Donge mchanga hupakuliwa tangu alfajiri
kwa kijiko cha chuma, lori juu ya lori.
Mjini wanajenga. Mjini hawashibi.

Kazi yangu ni kutazama.
Idara imenipa kofia ya manjano, vigingi kumi na viwili,
donge la uzi, daftari,
na barua yenye muhuri ambayo mvua za vuli
zimeshaisoma kuliko msimamizi.

Mcha, dereva wa kijiko, ananiita Askari wa Vigae.
Hanichukii. Nikiinua mkono
analisimamisha lile chuma hewani, anawasha sigara,
nami nateremka kwa makalio kama mtoto wa chuoni
kuokota nilichokiona, au nilichodhani nimekiona:
shingo ya mtungi, mavi ya chuma,
ushanga mmoja wa buluu, mdogo kuliko punje ya mtama.
"Ndiyo hiyo tu?"
Ndiyo hiyo tu.
Mtu aliuvaa. Uzi ukakatika.
Akautafuta mpaka kiza kikamfukuza.

Jumatano. Thelathini na sita.
Msimamizi kasema kigingi kimeng'olewa na ng'ombe.
Ng'ombe gani huyo, ajuaye kukunja uzi
akauweka vizuri juu ya jiwe?

Ijumaa hawachimbi.
Nasoma kuta za shimo toka juu:
mizizi ya muhogo, hii ya juzi;
majivu, ya jiko la mtu;
makombe ya chaza walizokula wakatupa
bila kujua kwamba wanaandika;
halafu mchanga mtupu,
usio na habari na binadamu yeyote.

Jumamosi. Thelathini na moja.
Mcha ana watoto sita na hulipwa kwa lori.
Kila nikiinua mkono, sahani yao hupungua.
Hajaniambia yeye. Kaniambia mkewe, Bikombo,
siku aliyoniletea muhogo wa kuchoma, tena bila kununa.

Usiku huo, nyumbani kwangu Fuoni,
fundi keshamaliza plasta ya jikoni.
Nikapitisha kiganja niusikie ulaini.
Kidole kikakwaruzwa.
Nikaleta taa ya simu.

Kigae. Kina pembetatu zilizochorwa ukingoni,
sawa na vile nilivyovitia namba wiki nzima.

Lori mbili, nilinunua, na risiti ninayo.
Sikuuliza mchanga umetoka wapi.
Niliuliza bei.

Sikukichokoa.
Nilifungua daftari, nikaandika kwa mwandiko uleule:
Kipande cha mtungi, kimoja.
Mahali: ukuta wa jiko, upande wa kusini, juu ya beseni.
Kwenye safu ya Aliyeharibu
kalamu ilisimama mpaka wino ukafanya doa.

Jumatatu. Ishirini na tisa.
Mcha kazima mashine kabla sijainua mkono.
Nikateremka mbio, magoti yakachubuka.
Umeona nini?
"Sijaona kitu," akasema.
"Nimechoka tu kuungoja mkono wako."