Mizani

Sikio la kushoto la kaka yangu
limejikunja kama andazi lililotolewa mafutani kabla ya wakati.
Mkeka wa raba ndio uliolisaga, miaka minne,
katika ukumbi wa shule huku Waterloo, Iowa,
ambako wakati wa baridi watu hawaulizani habari za theluji,
wanaulizana nani kamwangusha nani.

Kocha Drahos hakuwahi kuusikia msemo wa mtaka cha mvunguni,
ila alimwinamisha Wilondja mpaka magoti yakaota sugu.
Chini! Chini zaidi!
Aliyesimama wima ndiye anayeanguka.

Mama alipika ugali na sombe, akafunika sahani.
Mtoto akaipita sahani kama anayempita mdai wake njiani,
akapanda na kushuka ngazi amevaa mifuko ya taka,
akitema mate kwenye chupa
ili mwili upungue ratili tatu kabla ya jioni.
"Tuliikimbia njaa kambini," Mama alisema,
"na wewe unaifuata kwa miguu."

Des Moines, mashindano ya jimbo.
Kipimo: ratili mia na thelathini na mbili.
Namba nyekundu zikasoma mia na thelathini na mbili, nukta nne.
Nukta nne! Kitunguu kimoja.
Akavua hata chupi. Namba hazikuona haya.
Siku ile hakuna mtu aliyempiga mwereka.
Bati ndilo lililompiga.

Akapata kibarua kituo cha kupimia mahindi.
Lori huingia limejaa, likapimwa,
hutoka tupu, likapimwa,
na tofauti ndiyo jasho la mkulima la mwaka mzima,
likiandikwa kwa kalamu ya risasi kwenye karatasi tatu za rangi.
Ile ya waridi hupotea daima.
Mzee Halvorsen alikuja kuidai yake, kofia mkononi,
lori zima la mahindi limegeuka uvumi.
Wilondja akamtazama.
Uso wa mtu aliyenyimwa na mizani aliujua.

Basi akajifunza. Maktaba, usiku,
kompyuta yenye bawaba ya gundi na utepe.
Programu yake ya kwanza iliishi chumba cha kufulia,
na kila Mama alipofua mashuka umeme ulikatika
na vituo viwili vikaacha kupima mahindi.
Tulimwomba Mama afue Jumapili tu.
Alikubali, kwa sharti kwamba mtoto ale.

Benki tatu zilimkataa.
Ya nne ilimuuliza dhamana.
Akageuza shingo.
Meneja alikuwa na sikio kama lile, la kulia.
Hawakuzungumza mengi.

Sasa vituo ni mia mbili na kumi na kimoja,
na hesabu naziweka mimi, Etando, dada mtu.
Mwezi uliopita walikuja wageni kutoka Chicago,
viatu havijawahi kukanyaga pumba,
wakataja bei yenye sifuri nyingi hadi nikaweka kalamu chini.
Walitaka jambo dogo tu:
kila pimo lizungushwe kwenda chini, kidogo,
mkulima hatajua.

"Nukta nne," kaka akasema.
Wakadhani ni asilimia anayodai.
Wakaanza kuipigia hesabu.
Yeye alikuwa ameshainuka, anatafuta koti.

Jana usiku nilimkuta juu ya mizani ya malori,
miguu mitupu, Novemba hii,
sahani ya sombe mkononi, anakula wima.
Mizani ile huhesabu kwa ishirini ishirini.
Ilisema mia mbili. Akashusha mguu, akaurudisha.
Mia mbili.
"Si kweli," nikamwambia. "Imekuzidishia."
Aliendelea kutafuna.
Nilikuwa nimesimama upande wa kushoto.