Taa na Chujio, Wadi ya Tatu

Nimepewa ngazi, bisibisi na ufunguo wa wadi.
Nje, Ulaanbaatar imevaa moshi hadi kooni;
kule vilimani kila hema la sufu lina jiko,
kila jiko lina makaa ya mawe,
na baridi ya hapa haina utani.

Muuguzi Khulan ananiuliza, kama kila Jumatatu:
"Gansukh, kati ya hawa wawili, yupi anafanya kazi?"

Juu, karibu na dari, inakaa taa.
Haina sauti. Buluu yake ni ya jiko la gesi lililopunguzwa.
Kijidudu cha kifua kikuu kikipanda na hewa ya joto
inakiunguzia uzazi:
kinabaki na umbo lake, mgumba,
hakina ukoo wa kuacha kwenye pafu la mtu.
Lakini masizi yanapita mbele yake
yakatoka masizi yaleyale, yameoga mwanga tu.
Na ukiikazia macho, itakulipa.
Mimi ililipa siku mbili za mchanga ndani ya kope.

Chini, kando ya kitanda cha mzee Purevsuren,
linanguruma chujio.
Hili haliui. Linakamata.
Karatasi yake ina marinda kama sketi ya shule,
na humo vumbi, moshi, unyoya wa kondoo, kijidudu,
vyote huingia, hakuna anayeulizwa kabila.
Ila lina kelele, na lina shibe:
Januari moja tu, jeupe limekuwa jeusi,
linavuta pumzi kwa taabu kama waliolala.
Usiku mzee hulizima.
"Nasikia trekta," ananiambia,
"na trekta langu niliuza zamani."

Taa nayo ina uongo wake:
hufa ikiwa bado inawaka.
Buluu hubaki, makali yameondoka,
na hakuna ajuaye ila kipimo.
Leo kipimo kimesema: nusu.

Nikalifuta bomba kwa spiriti. Kitambaa kikawa cheusi.
Hapo nikakaa juu ya ngazi, nikacheka peke yangu:
moshi usiouawa na taa
ndio uliokuwa unaifunika taa,
na chujio lililozimwa ili mzee apate usingizi
ndilo lingeulinda mwanga.

Nimeshuka. Nimeweka chujio jipya,
nikalisogeza mbali na mto wa mzee,
kasi ya kwanza, si ya tatu,
na feni ya dari izunguke taratibu
ipandishe pumzi zao kwenye buluu.

"Hujanijibu," anasema Khulan.
Nampa chujio la zamani, limefungwa ndani ya mfuko.
Analinyanyua, anashtuka. "Zito!"
"Ni mwezi wa watu kumi na wawili."
"Na taa?"
"Ya taa haishikiki mkononi.
Ikifanya kazi, huna utakachokiona."

Mzee anakohoa. Anapapasa swichi,
kidole kinasita juu yake.
"Trekta limevuka kilima," anasema,
kisha anageukia ukutani.