Kabla ya Kutia Saini

Bei iweke mfukoni kwanza, Marlys.
Bei hupiga kelele, ardhi hunong'ona,
nasi tumetoka San Antonio saa kumi alfajiri
tuje kusikiliza.

Umeliona la Bwana Kuykendall:
lango la kufunguka lenyewe, kahawa ya bure,
ukuta mzima wa picha za madume
yenye pembe kama matawi ya mti uliokauka.
Sikutaka picha.
Picha ni za mwaka ule mvua ilipokuwa na huruma.
Nikamuuliza, bunduki ngapi kwenye ekari hizi mia tatu?
Akakohoa.
"Kumi na mbili. Lakini wote ni waungwana."
Gawanya mwenyewe, mwanangu.
Uungwana haujawahi kuzuia risasi.

Nikafuata seng'enge kwa miguu, wewe ukilalamikia miiba.
Jukwaa la jirani lilikuwa limelipa kisogo shamba lake,
dirisha lote limetukodolea macho sisi.
Pale nikajua nani hulipa, nani huvuna.

Na lile pipa la mahindi juu ya miguu mitatu,
linalojimwaga kila jua likichomoza,
lisikulevye.
Mahindi humwita kulungu mgeni;
maji ndiyo humfanya mwenyeji.
Uliza maji ya Agosti, si ya leo.
Leo ni Machi, hata mtaro wa barabarani unajiita mto.

Inama. Kulungu haandiki angani.
Tazama mche wa mwerezi uliosuguliwa ganda
hadi nyama yake nyekundu ikatoka nje,
tazama chini ya mialoni, maganda yaliyotafunwa,
kinyesi kama punje za pilipili manga:
kikiwa kinang'aa, ni cha jana usiku;
kikivunjika kama chaki, umechelewa mwezi.

Kisha tukafika kwa Bibi Hruska, ng'ambo ya Llano,
mwanamke mwenye buti za marehemu mumewe
na mbwa aliyekataa kutunukuu.
Hakutupa kahawa.
Alisema, kijito hukata roho Julai.
Alisema, mvua ikinyesha barabara hii itakula gari lenu.
Alisema, Novemba ng'ombe wangu wamo humo humo,
na ukipiga ng'ombe, umenunua ng'ombe.
Alisema bima, alisema majike wawili na dume mmoja, basi,
alisema kuni zilizoanguka tu.

Nikamuuliza swali ninaloliweka mwisho siku zote:
waliokodi kabla yetu, mbona wameondoka?

Akatazama buti zile.
"Niliwafukuza.
Walimpiga jike jioni, vibaya, tumboni,
wakasema watamfuata asubuhi, wakaenda kunywa bia.
Nikachukua tochi.
Nilimkuta kijitoni saa tisa usiku,
bado anahema,
ananiangalia kana kwamba ni mimi."

Wewe uliacha kuchezea simu.
Mbwa akaja akalala miguuni pako.

Mkataba wake ulikuwa karatasi moja, mwandiko wa kalamu,
na mstari wa chini kabisa, wino mzito kuliko yote:
*Ulichokijeruhi ni chako mpaka ukimalize.*
Wanasheria wa Kuykendall walijaza kurasa kumi na moja
na hawakufikia hapo.

Ndiyo, najua. Kule kuna madume makubwa.
Ndiyo, huku hatukuona hata mkia mmoja mweupe
siku nzima, ila nyayo mbili matopeni,
ya mama na ya mtoto, zikienda upande mmoja.
Nilikuona ukiziruka usizikanyage.

Nikaandika hundi juu ya boneti.
Jina langu, halafu nikakupa kalamu,
maana mwakani utakuwa na miaka kumi na minne
na bunduki itakuwa mkononi mwako, si mwangu.
Ukasoma karatasi yote.
Ukausoma ule mstari wa chini mara mbili.

Haya, shuka ufunge lango.
Pitisha mnyororo. Bana kufuli.
Sasa vuta.
Vuta tena.